Ukoo wa Wagomaji

Ukipeana mkono na Gundi asubuhi, usiwe na haraka. Mkono wake mnene uliumeza wako mpaka kwenye kifundo, ukaubana, kisha ukabaki hapo hapo, na mwenyewe akikutazama usoni kwa tabasamu la mtu aliyeonana na ndugu yake aliyepotea. Ulisubiri uachiwe, huachiwi. Ulivuta kidogo kwa adabu, wapi. Mwishowe vidole vililegea kimoja kimoja, nawe ukaondoka ukijisemea kwamba bwana yule ana roho safi. Ndivyo alivyopata lile jina, na ndivyo alivyopata wateja, maana kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba za kupanga, na dalali asiyeaminika bora akalale.

Alikuwa amegundua jambo moja katika kazi hiyo, na hakumwambia dalali mwenzake yeyote. Wateja wa asubuhi walichukua nyumba. Wa jioni, akishapeana mikono na nusu ya mji, vidole vilikuwa vimechangamka na viliachia upesi kama vya watu wengine, basi wateja hao walisema watakwenda kufikiria, wasirudi. Kwa hiyo nyumba nzuri alizipanga asubuhi. Zile zenye choo cha nje alizipeleka jioni.

Nyumbani kwake hali hiyo iliitwa kugoma. Marehemu baba yake, fundi chuma mwenye mabega ya kubebea mlango, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi za baridi na kusema, "Nisubirini, miguu imegoma." Kisha alitembea hatua chache kama aliyevaa suruali ya mbao, na kabla hajafika uani amekuwa mzima tena, akipiga mluzi. Gundi mwenyewe alikuwa hivyo hivyo tangu utoto. Katika watoto wake wawili, mkubwa wa kiume hakugoma hata kidogo. Mdogo, binti, alianza kugoma akiwa hajaota meno: akilia sana, kilio kiliisha lakini macho yalibaki yamefumba, na mama yake alimbembeleza mpaka yakafunguka yenyewe. Bibi mzaa baba alipoona hivyo alicheka tu. "Huyu wetu," akasema.

Hakuna aliyefikiri ni ugonjwa. Mgonjwa si hukonda? Hawa walikuwa wamejengeka, misuli imejaa kama watu wanaobeba magunia, hata yule aliyeshinda kwenye kiti. Mara moja Gundi alikwenda zahanati, akasema mkono wake unagoma. Mganga akamwambia amkaze vidole, na mganga mwenyewe akakazwa mpaka machozi yakamtoka. "Mbona una nguvu kunishinda mimi?" akauliza, akamwandikia dawa ya kuchua ya baridi yabisi. Mwingine alisema amepungukiwa chumvichumvi mwilini, ale ndizi kwa wingi. Binti naye aliwahi kushtushwa na kengele ya shule akaanguka chini mzima mzima, walimu wakasema kifafa, ingawa macho yalikuwa wazi na mwenyewe alikuwa anawaomba wamsimamishe. Hawakuwa wajinga watu hao. Neno "kugoma" ndilo lililowapeleka pabaya, maana kila mmoja alilisikia kwa maana aliyoizoea.

Sasa binti huyu alikuwa kidato cha tatu, ana mapaja na mabega ya babu yake, na mpira alikuwa anaupenda kuliko chakula. Kocha wa timu ya wasichana, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni hata siku zisizo za mazoezi, alimtazama mara moja tu akasema huyu ni golikipa. Akamweka golini. Wenzake wakamwita Nguzo.

Nusu fainali timu yao ilishambulia kipindi kizima cha pili, Nguzo akabaki golini hana la kufanya, upepo wa jioni unampiga magotini. Mara mshambuliaji mmoja wa kule akachomoka peke yake. Nguzo alitaka kuruka. Kila kitu ndani yake kilitaka kuruka. Mwili ukakakamaa wima, akaenda chini kifudifudi kama mlango uliotoka kwenye bawaba, na mpira ukampita polepole, ukaingia. Timu ilishinda hata hivyo, mawili kwa moja, lakini Kocha alikuja golini anachemka.

"Nini kile?"

"Nimegoma, mwalimu. Samahani."

Hapa lazima nieleze jambo. Wiki hiyo hiyo jezi mpya zilikuwa zimeletwa shuleni na kupewa wavulana, wasichana wakaambiwa waendelee na zile zilizotoboka makwapani. Maneno ya mgomo yalikuwa yameshazagaa mpaka ofisi ya walimu, na Kocha alikuwa amemhakikishia mwalimu mkuu kwamba wasichana wake hawawezi kugoma, anawajua.

"Umegoma?" akauliza.

"Kidogo tu, mwalimu. Sasa niko sawa."

"Umegoma kidogo."

"Huwa nagoma nikisimama sana bila kufanya kitu. Baridi ikiwepo ndiyo nagoma zaidi."

Kocha akashusha pumzi. "Na nani amekufundisha kugoma?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimerithi kwa baba. Hata babu alikuwa anagoma, tena yeye ndiye aliyegoma kuliko wote."

Alisema hivyo kwa heshima kabisa, akidhani anaeleweka. Kocha akamvua glavu mwenyewe, moja baada ya nyingine. Fainali ni Jumamosi, akamwambia, na wewe humo. Na baba yako aje kesho.

Gundi alikwenda amevaa shati lake la kuonyeshea nyumba kubwa. Akawekwa kwenye benchi la saruji nje ya ofisi ya michezo, akangoja mpaka makalio yakapoa. Alipoitwa akainuka ghafla, na miguu ikamfanyia yale yale. Kwa hiyo alichokiona Kocha mlangoni ni mwanamume mwenye mabega mapana, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, anaingia polepole bila kukunja magoti kama anayetafuta ugomvi. Gundi akatoa mkono. Kocha, kwa ustaarabu, akaupokea.

"Mzee, niachie mkono," akasema baada ya muda.

"Nakuachia, mwalimu. Umegoma tu."

"Nani amegoma?"

"Mkono."

Kocha akautazama mkono wake uliomezwa, kisha akamtazama Gundi. "Mnanichezea akili, wewe na mwanao."

Mkono uliachia, lakini umechelewa. Uamuzi ukabaki ule ule, tena ukaongezwa: Jumatatu binti atafika mbele ya kamati ya nidhamu kujibu habari ya kugoma. Huyu Gundi aliyewahi kumpangishia mtu nyumba yenye mwembe ulioota sebuleni alishindwa kuuza sentensi moja.

Nyumbani alimkuta bintiye kitandani, viatu vya mpira mapajani, anavifuta matope ambayo yalishaisha zamani. Hakuwa analia, na hilo lilimuuma baba kuliko machozi.

"Baba," akasema, "kwani kugoma ni nini?"

Gundi akaketi kando yake, akachukua kiatu kimoja naye akaanza kukifuta. Alikuwa amelitumia neno hilo maisha yake yote, baba yake kalitumia kabla yake, na kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Ijumaa asubuhi hakuwa na hamu ya kazi, lakini mteja alikuwa ameshapanga kuja: mama mmoja mfupi mwenye miwani, daktari aliyehamishiwa hospitali kuu, anatafuta vyumba viwili na jiko karibu na kazini. Gundi alimzungusha kama anavyowazungusha wote. Alifungua madirisha kwanza ili harufu ya rangi itoke, akafungua bomba akaliacha likimwagika mbele yake kuonyesha maji yapo, akasimama juu ya kigae kilichong'oka ili kisionekane. Daktari alipenda. "Basi tumekubaliana," akasema, akatoa mkono.

Mkono wa kwanza wa siku, na asubuhi ilikuwa ya ukungu. Vidole vilibana, vikabaki.

Gundi akaweka lile tabasamu lake, akingoja mvuto mdogo wa adabu. Haukuja. Mama yule hakuvuta hata kidogo. Aliinamisha kichwa akaviangalia vidole vya dalali vilivyong'ang'ania mkono wake, akavikazia macho kwa furaha isiyofichika, utadhani amefungua kabati la jikoni akakuta ufunguo alioupoteza.

"Unajaribu kuniachia?" akauliza taratibu.

"Ndiyo, mama. Samahani. Umegoma."

"Umegoma," daktari akarudia, akiliweka neno hilo mdomoni kulionja. "Hilo ndilo neno lenyewe." Vidole vikalegea. "Kaza tena. Haya, achia." Viliachia upesi zaidi. "Tena. Tena." Mara ya tano mkono ulifunguka kama wa mtu yeyote, na Gundi akajikuta anacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha yakaja maswali, na kila swali lilimpiga kifuani. Asubuhi za baridi ni mbaya zaidi? Ukikaa sana, hatua za kwanza ni ngumu, halafu unakaa sawa? Ukishtuka unaanguka huku akili iko timamu? Utotoni, baada ya kulia, macho yalikuwa yanagoma kufumbuka?

Gundi aliketi ukingoni mwa dirisha la nyumba ambayo hata haikuwa yake. "Nani amekwambia habari za nyumbani kwangu?"

"Hakuna. Baba yako alikuwa hivi?"

"Alikuwa fundi chuma. Aligoma kuliko wote."

"Na watoto?"

Hapo sauti ya Gundi ikabadilika. Akamwaga yote: kengele ya shule, golini, jezi, Kocha, kamati ya nidhamu, kesho fainali. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na Gundi alipofika kwenye "hata babu alikuwa anagoma" daktari akavua miwani akaifuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Samahani, baba," akasema, "lakini katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia mgonjwa akieleza dalili zake vizuri kuliko huyo binti. Mlete leo mchana."

Mchana huo binti alilala kwenye kitanda cha chumba kidogo kilichojaa nyaya. Daktari alimgonga kwa kinyundo cha mpira chini ya kidole gumba, na gumba likajikunja kuelekea kiganjani, likakaa hapo, likarudi kwa kujivuta. Halafu akachoma sindano nyembamba kwenye msuli wa mkono. Sindano hiyo iliunganishwa na mashine yenye spika, inayofanya umeme wa misuli usikike kwa sikio. Msuli wa kawaida ukitulia hunyamaza, daktari alieleza. Akaitikisa sindano kidogo.

Ndani ya spika pikipiki ikawaka. Iliunguruma, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama inayopanda kilima, kisha ikaenda ikififia. Binti akainua kichwa.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Rudia."

Daktari akarudia. Binti alicheka mpaka sindano ikacheza, na pikipiki zikawa mbili. Ikafuata zamu ya Gundi, na yake ilinguruma kwa sauti nzito zaidi, binti akasema ya baba ni lori. Gundi alilala pale amekodolea dari macho. Alikuwa anamsikia baba yake. Mzee alikufa bila kujua kwamba ndani ya mikono yake iliyopinda vyuma kulikuwa na ngurumo hii, na kwamba ina jina.

Jina lilikuwa miotonia. Daktari aliwaeleza huku akiwafutia mikono kwa pamba. Msuli, alisema, una vilango vidogo vya kupitisha chumvi, na vilango hivyo ndivyo vinavyoutuliza ukishamaliza kazi. Vya kwenu ni vizito kufunguka. Kwa hiyo msuli unasikia amri ya kukaza, lakini amri ya kulegea inachelewa kutekelezwa. Ukiutumia tena na tena, unazoea, unalainika. Kwa kuwa hautulii upesi, unafanya mazoezi hata ukiwa umekaa, ndiyo maana mmejengeka bila kubeba magunia. Ni ugonjwa adimu, wa kurithi, na katika aina ninayodhani mnayo, mzazi mmoja akiwa nao anatosha. Kila mtoto ni kama kurusha sarafu. Wa kiume sarafu ilimwangukia upande huu, wa kike upande ule. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyemroga mwenzake. Kipimo cha damu kitathibitisha, lakini hii pikipiki haidanganyi sana.

"Unaua?" Gundi akauliza.

"Hapana. Lakini siku yoyote mmoja wenu akihitaji upasuaji, aseme kabla hajapewa dawa ya usingizi. Hilo msilisahau hata mkisahau yote mengine. Dawa za kupunguza ukakamavu zipo, tutazungumza. Na ukipata homa, au miguu ikikosa nguvu kabisa, usiseme nimegoma ukakaa nyumbani. Kugoma si kuishiwa nguvu. Hayo ni mawili."

Binti alikuwa na swali moja tu. "Naruhusiwa kucheza?"

"Cheza. Pasha mwili vizuri, usisimame. Ila golini," daktari akatikisa kichwa, "golini ndipo mahali pabaya kuliko pote walipoweza kukuweka. Unasimama unapoa, halafu unatakiwa uruke ghafla. Aliyekuweka hakujua."

Jioni ile nyumba haikutulia. Kaka mtu alilazimishwa kupeana mikono na kila mmoja ili apimwe, akaonekana hana lolote, akanuna kidogo kwa kuachwa nje. Mama wa nyumba alisikiliza habari yote toka mwanzo amesimama, mwiko mkononi.

"Ngoja," akasema. "Siku ile kwa shangazi, uliponishika mkono mbele ya watu ukakataa kuniachia, wote wakasema huyu kazama. Ina maana haikuwa mapenzi? Ilikuwa vilango?"

"Mapenzi yalikuwepo, mama watoto," Gundi akajitetea. "Vidole ndivyo vilivyochelewa."

"Miaka ishirini nimeishi na vilango." Akarudi jikoni, na akasikika anacheka peke yake mpaka chakula kikaiva.

Jumamosi Gundi alifika uwanjani kabla ya wachezaji, amemkokota binti aliyekuwa tayari na jezi ndani ya koti. Kocha alikuwa anapanga koni kwenye nyasi. Alipowaona akaweka mikono yote miwili mfukoni.

"Mwalimu," Gundi akasema, "sikuja kubishana. Nipe mkono wako mara tano tu. Ukiona upuuzi, tunaondoka."

Haikuwa kazi ndogo kwake kusema hivyo. Wachezaji walikuwa wameanza kusogea, na nyuma yao wazazi, na kati ya wazazi wapangaji wake wasiopungua sita, waliozichukua nyumba kwa sababu ya mkono ule. Kocha akautoa wake kwa mashaka. Mara ya kwanza vidole vilibana vikabaki, na Gundi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hapa najaribu kukuachia. Siwezi. Si ujeuri wala si upendo, mwalimu, ni misuli." Mara ya pili, ya tatu. Ya tano mkono ulifunguka papo hapo. Mpangaji mmoja akaguna, "Kumbe." Binti akaja akafanya vile vile na mkono mwingine wa Kocha, kisha akaeleza vilango, sarafu na pikipiki kwa haraka na bila kupumua.

Kocha alikuwa mwanamichezo, na sehemu moja aliielewa kabla haijamalizika. "Kwa hiyo ukishapasha, unaachia kama mimi."

"Kama wewe, mwalimu."

"Na mimi nimekuweka golini usimame." Akashika kichwa. "Uliponiambia umegoma..."

"Nilikuwa nasema kweli."

Kocha akatazama uwanja, akatazama yale mapaja, na uso wake ukaanza kuwaka taratibu. "Kiungo," akasema. "Kiungo wa kati hasimami. Anza kuzunguka uwanja sasa hivi, na usisimame mpaka nikwambie. Ya kamati niachie mimi."

Nguzo hakusimama. Alikimbia wakati wengine wanaimbishwa wimbo wa shule, akaruka ruka wakati wa kurusha sarafu, na filimbi ilipolia alikuwa anatoka jasho. Mpira ukirushwa, yeye anachezesha miguu. Mtu akiumia na mchezo ukisimamishwa, yeye anamzunguka mwamuzi mpaka mwamuzi akapata kizunguzungu. Mapumziko hakukaa. Na mwili ule uliokuwa nguzo, ukishapata moto, haukuzuilika: alichukua mipira miguuni mwa watu kama anaokota vitu vyake, akamtengenezea mwenzake bao la kwanza, akazuia lililokuwa la kusawazisha. Gundi alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni ya Kocha, anapiga mapaja yake kwa ngumi.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Kocha akaona binti amechoka, jasho linamtiririka, akamwandaa wa akiba. Akainua mkono kumwita. Nguzo alimwona. Akatikisa kichwa, akageuka, akaufuata mpira upande wa pili wa uwanja.

Kocha akamwita tena kwa jina. Binti akaongeza mbio. Wa akiba akabaki kwenye mstari, soksi zimevutwa juu, hajui aingie au akae.

Kocha akaketi. "Huyu amegoma," akasema.

Gundi alikuwa amekaa muda mrefu na miguu yake isingeinuka hata angeambiwa uwanja unaungua. Alimtazama mwanawe akikata kona kule mbali, anapiga kelele aletewe mpira.

"Hiyo hakurithi kwangu, mwalimu," akasema. "Hiyo ni yake mwenyewe."

Na akampa Kocha mkono. Vidole vikabana, vikabaki, kisha vikalegea, na Kocha akawa bado hajauondoa wake mpaka filimbi ya mwisho ilipolia.